Hesabu ya Watu Kivukoni

Muhula uliopita Mwalimu wetu wa Uraia alitupa kazi ya kuandika. Kila mmoja wetu achague huduma moja ya umma katika mkoa wake, aeleze jinsi Serikali inavyoisimamia, kisha aseme kwa maneno yake mwenyewe kama usimamizi huo watosha. Wenzangu wengi walichagua barabara, maana kila mtu anayo barabara ya kuilalamikia. Wawili walichagua zahanati. Mmoja, ambaye kwao ni Dodoma, aliandika habari za treni ya umeme iliyoanza kufika kwao mwaka 2024, akapata alama nyingi kuliko sisi sote. Mimi nilichagua kivuko. Mwalimu alipoisoma kazi yangu alinirudishia, akasema niiandike tena kwa ajili ya gazeti letu la shule, ila nipunguze hasira na niongeze hesabu. Nimejaribu kufanya hivyo.

Kwetu ni Ukerewe. Msomaji ambaye hajafika huko na aelewe kwamba wilaya yetu yote ni visiwa katika Ziwa Viktoria. Kisiwa kikubwa ndicho Ukerewe chenyewe. Kaskazini yake kipo Ukara, na vingine vingi vidogo vimetawanyika. Mtu wa kwetu akiugua sana, au akitaka kuuza dagaa wake mjini, au mtoto wake akichaguliwa kwenda shule ya bweni, hana budi kupita majini. Kwa hiyo sisi hatupandi kivuko kwa kutembea. Kivuko ndicho barabara yetu.

Kwanza nataka tulitazame neno lenyewe. Twasema Serikali yasimamia usafiri. Kusimamia kwatoka katika kusimama. Fundi husimamia ujenzi kwa kusimama pale matofali yanapopangwa, na mama husimamia chungu kwa kusimama jikoni. Akiondoka, ugali huungua ingawa yeye bado ni mama mwenye nyumba. Basi mtu akituambia kwamba jambo fulani lasimamiwa, tuna haki ya kumwuliza: msimamizi asimama wapi? Swali hili ndilo lililonisumbua tangu mwanzo wa kazi hii hadi mwisho.

Tuanze juu kabisa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 63, imelipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge aweza kumwuliza Waziri swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo chini ya wizara yake. Ibara ya 143 imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye hukagua fedha kila mwaka, akampa Rais taarifa, nayo taarifa hiyo hupelekwa Bungeni. Chini ya wizara zipo taasisi zenyewe. Vivuko vya Serikali huendeshwa na TEMESA, yaani Wakala wa Ufundi na Umeme. Usalama wa vyombo vya majini ulikuwa mikononi mwa SUMATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Kisha kazi hiyo ikahamia kwa TASAC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, ikaanza kazi mwaka 2018. Upande wa nchi kavu ukabaki, na tangu mwaka 2019 wasimamiwa na LATRA. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, na za wilaya ni za TARURA. Majina haya sisi wa kidato cha nne huyakariri kwa ajili ya mtihani, nami sitaki kumchosha msomaji kwa kuyarudia.

Lakini ngazi hii, tukiishuka hatua kwa hatua, kutoka Bungeni hadi wizarani, kutoka wizarani hadi kwenye wakala, kutoka kwenye wakala hadi ofisi ya mkoa, mwisho wake ni mtu mmoja aliyesimama mlangoni pa kivuko, ana mashine ya tiketi shingoni na fulana ya kung'aa. Huyu hatajwi katika kitabu cha Uraia. Nimekitafuta chote. Walakini yeye ndiye anayejua, au anayepaswa kujua, watu wangapi wamepanda. Wote walio juu yake hupokea namba aliyoitoa yeye. Akikosea kuhesabu, Waziri naye amekosea, na Bunge zima limekosea, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyesema uongo.

Nitawapa mifano miwili. Wazee wanaijua, lakini wadogo zangu wa kidato cha kwanza huenda wameisikia kwa jina tu.

Jumanne tarehe 21 Mei, 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ilipokuwa ikikaribia Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba usiku, ikapitia bandari ya Kemondo na kupakia abiria wengine. Ilikuwa na kibali cha kuchukua abiria 430. Katika madaraja ya kwanza na ya pili yaliandikwa majina 443, na hao peke yao walikwisha kupita kiwango. Daraja la tatu, ambalo ndilo la watu wengi, halikuwa na orodha yoyote. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Tajiri aliandikwa, maskini hakuandikwa. Kwa sababu hiyo hata leo hakuna ajuaye kwa hakika ni wangapi waliokufa. Hesabu itajwayo mara nyingi ni 894, nayo ni makadirio tu. Meli ilikaa kwa muda imepinduka, chini juu, na watu walikuwa wazima ndani yake wakigonga chuma. Waokoaji walitoboa tundu ili wawatoe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, meli ikazama. Wengi wetu twajua sasa katika Fizikia kwa nini ilitokea hivyo. Lakini ni jambo gumu kulijibu katika mtihani bila kuwafikiri watu wale.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Alhamisi tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, upande wa Ukerewe, kwenda Bwisya, kisiwani Ukara. Alhamisi ni siku ya gulio Bugolora, na watu wa Ukara walikuwa wakirudi makwao na mahindi, ndizi na bidhaa za dukani. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 101 na uzito wa tani 25. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, hata watu waliokuwa nchi kavu wakisubiri ndugu zao waliona kwa macho. Waliokufa walikuwa 228, na waliookolewa 41. Fundi wa mitambo alitolewa hai tarehe 22, baada ya siku mbili, kwa kuwa alikuwa amepata mahali penye hewa. Rais wa wakati ule, Hayati John Magufuli, alitangaza siku nne za maombolezo, akamwondoa mtendaji mkuu wa TEMESA na kuivunja bodi yake.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba yangu, ambaye ni mvuvi, aliondoka na mtumbwi wake na wavuvi wengine kwenda kusaidia. Alirudi baada ya siku nne, akalala mchana kutwa, na tangu siku hiyo hakutaka tumwulize. Shuleni kwetu yalikuwapo madawati matatu yaliyokaa wazi, maana wenye madawati walikuwa na jamaa zao Ukara. Wawili wakarudi mwezi uliofuata, mmoja akahamia kwa mjomba wake bara.

Siku zile za kwanza viongozi waliulizwa na waandishi wa habari: watu wangapi walikuwamo? Hawakuweza kujibu. Mkata tiketi alikuwa miongoni mwa waliokufa, na mashine yake ilikuwa imezama pamoja naye. Namba ya 269, ambayo mimi na wewe twaipata kwa kujumlisha 228 na 41, ilipatikana kwa kuhesabu maiti na kuhesabu walionusurika. Ndiyo kusema hesabu ile iliyopaswa kufanywa mlangoni pa kivuko, kabla ya kamba kufunguliwa, ilifanywa ufukweni, baada ya siku kadhaa.

Hapa mwenzangu mmoja darasani, ambaye apenda sana Hisabati, alinyosha mkono akaniuliza swali zuri. Alisema: tuseme kila mtu ana kilo 65. Watu 269 ni kilo 17,485, yaani tani kumi na saba na nusu. Kivuko kilikuwa cha tani 25. Basi watu peke yao hawakukizidi kivuko kwa uzito. Kwa nini tuseme watu walizidi? Darasa zima lilinyamaza, na mimi sikuwa na jibu. Mwalimu wa Uraia alicheka, akasema hilo si la kwake, tulipeleke maabara.

Mwalimu wa Fizikia hakutujibu kwa maneno. Alituagiza tulete kidumu cha mafuta ya kupikia cha lita tano, tukikate ubavuni kiwe kama mashua, tukieleze katika beseni kubwa. Kisha tuweke ndani yake mfuko wa mchanga wa kilo moja, uliofungwa sawasawa na kuwekwa katikati. Alikisukuma kwa kidole ubavuni. Kikayumba, kikarudi, kikatulia. Alifanya hivyo mara tano, na mara tano kilirudi. Baadaye tuliondoa mchanga, tukaweka gololi, kilo moja ileile, ambazo tulizikusanya kwa tabu nyingi kutoka kwa watoto wa shule ya msingi iliyo jirani yetu, na mpaka leo twadaiwa gololi nane. Alikisukuma kwa kidole. Gololi zote zilikimbilia upande mmoja, kidumu kikainama, kikanywa maji, kikapinduka kabla Mwalimu hajaondoa mkono wake.

Hapo tukaelewa. Uzito ulikuwa ule ule. Tofauti ni kwamba mchanga ulikaa pale ulipowekwa, na gololi zilihama. Gunia la mahindi likiwekwa katikati ya kivuko hukaa katikati. Mtu hukaa katikati mpaka aone jambo: aone gati limekaribia na atake kuwa wa kwanza kushuka, au aone maji yameingia upande wa pili. Watu mia moja wa kilo 65, wakihama mita tatu kuelekea ubavu mmoja, wamehamisha tani sita na nusu kwa dakika moja, wala hakuna nahodha awezaye kuwaamuru warudi wakati wameshikwa na hofu. Tena mtu aliyesimama huweka uzito wake juu, si chini, na kitovu cha uzito cha chombo hupanda pamoja naye. Kwa sababu hiyo kibali cha kivuko huandikwa namba mbili, tani na abiria. Moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine. Taarifa za wakati ule zilitaja kwamba MV Nyerere kilizidishwa watu na mizigo, na mimi sina la kuongeza juu ya hilo.

Mwalimu alituambia pia habari za Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza, ambaye aliwatetea mabaharia mpaka sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha meli zichorwe mstari ubavuni. Maji yakiufikia mstari ule, meli isipakie tena. Uzuri wa mstari ni kwamba hata mtu asiyejua kusoma aweza kuusimamia akiwa nchi kavu. Lakini mstari husema habari za uzito tu. Habari za gololi hausemi.

Sasa tuiache meli kidogo, tutazame barabara, maana pana jambo la kulinganisha. Lori la mahindi lipitapo katika barabara kuu husimamishwa kwenye mizani. Hupimwa uzito wa jumla na uzito wa kila ekseli. Sheria ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56, na lori likizidi kiwango hutozwa faini na kulazimishwa kurekebisha au kupunguza mzigo. Hapana dereva wa lori anayeweza kuwaambia wenye mizani, "Niamini, ni tani 50 tu." Yapasa lipande mizani. Na haya yote yafanywa ili lami isipasuke. Mimi siyapingi hata kidogo, maana lami ni mali ya umma na imegharimu fedha nyingi. Ila nilipokuwa nikiandika nilijiuliza kwa nini mahindi hupimwa kwa mashine ya Serikali, na watu huhesabiwa kwa macho ya mtu mmoja ambaye kwa wakati ule ule anapokea nauli, anarudisha chenji na kuwafukuza mbuzi.

Wasomaji wa Mwanza na Geita watasema taabu ya vivuko imepungua, nami nakubali. Tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu, na ujenzi wake ulisimamiwa na TANROADS. Pale ambapo basi lilikuwa likingoja zamu ya kivuko, pengine saa mbili, sasa hupita kwa dakika chache. Nimelipita mara moja, na nilitaka basi liende polepole ili nitazame. Walakini daraja haliwezi kujengwa kila mahali. Kwenda Ukara, na visiwa vilivyo mbali zaidi, ni maji tu, na itakuwa maji tu mpaka mimi niwe mzee.

Sasa nafika katika sehemu ile ambayo Mwalimu aliniambia nipunguze hasira.

Mwezi wa Januari, shule zilipofunguliwa, nilipanda kivuko kimoja kuja shuleni. Sitakitaja jina, wala mwenyewe, wala gati. Nilifika mapema na sanduku langu, nikakaa juu yake karibu na mlango. Kwa kuwa nilikwisha kuanza kuifikiri kazi hii, nilitoa daftari nikahesabu watu kwa vijiti, vitano vitano, kama tulivyofundishwa darasa la pili. Ubaoni palikuwa pameandikwa: ABIRIA 120. Nilihesabu watu wazima na watoto wanaotembea wenyewe, nikapata 163. Watoto wachanga migongoni walikuwa 14. Jumla 177. Nilirudia hesabu yangu wakati watu walipokuwa wakijipanga, nikapata 175. Kwa hiyo naweza kuwa nimekosea wawili, lakini sikukosea hamsini.

Nilimwendea karani wa mlangoni. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika. Nikamwuliza kwa heshima, "Samahani mzee, tumepanda watu wangapi?" Akaitazama mashine yake, akasema, "Mia na kumi na nane." Nikamwambia, "Mimi nimehesabu mia na sabini na saba." Hakukasirika. Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyesema kweli mahali pasipofaa, akasema, "Kijana, mashine haikosei. Wewe unakwenda shule au unabaki?"

Nilifikiri sana maneno yale baadaye, na nimeona kwamba alisema kweli: mashine haikukosea. Tiketi 118 zilikatwa. Mtoto wa mgongoni hakatiwi tiketi. Mfanyakazi wa kivuko hakatiwi tiketi. Fundi aliyetoka kutengeneza injini ya mtu, na askari wawili, na yule mama aliyemlilia karani kwamba amemaliza fedha zote hospitalini, hawakukatiwa tiketi. Na wengine, sijui wangapi, walilipa mkono kwa mkono bila kupewa karatasi. Tiketi ni hesabu ya fedha. Si hesabu ya watu. Mashine ile ilitengenezwa ili fedha ya umma isipotee, na pengine kwa kazi hiyo yafaa. Lakini siku ile karatasi iliyokwenda juu, kutoka mlangoni kwenda ofisini na kutoka ofisini kwenda mbele, ilisema kwamba kivuko chenye nafasi 120 kilichukua abiria 118. Mkaguzi yeyote angeisoma na kuridhika. Hata mimi, kama ningekuwa Waziri, ningeridhika.

Nanyi mtaniuliza: wewe ulifanya nini? Nilipanda. Shule ilikuwa ikifunguliwa kesho yake, nauli ya basi la mbele ilikuwa imekwisha kulipwa, na kivuko kingine kilikuwa jioni, ambacho kingenifikisha baada ya basi kuondoka. Nilikaa juu ya sanduku langu, katikati, nikakumbuka habari za kitovu cha uzito, na sikusogea mpaka tukafika. Ziwa lilikuwa shwari. Hapana jambo lolote lililotokea, na nadhani hilo ndilo hutudanganya: mara nyingi hapana jambo linalotokea.

Nilipoisoma kazi hii mbele ya darasa palitokea ubishi mkubwa. Wengi walisema karani afukuzwe kazi. Mwenzetu mmoja, ambaye kwao ni Ukara kwenyewe, na ambaye kwa kawaida hasemi sana, alisimama akasema hivi: "Nyinyi mnasema watu wa hamsini na saba wabaki. Nani abaki? Mama yangu akiachwa na dagaa wake, kesho dagaa wamelowa kwa mvua, hawauziki. Mgonjwa akiachwa, je? Karani ni jirani yetu. Akimkatalia mtu leo, kesho watakutana msibani. Kivuko kikienda mara mbili tu kwa siku, watu watajaa. Leteni kivuko cha tatu kwanza, halafu mfukuzeni karani."

Nami nimebadili fikira zangu kidogo kwa maneno hayo. Nilikuwa nimeandika kana kwamba usimamizi ni kukataza tu. Lakini Serikali inayosimamia kivuko yapaswa kujua mambo mawili: wangapi walipanda, na wangapi walitaka kupanda. Namba ya pili ndiyo ingeonyesha kwamba safari mbili hazitoshi. Sasa namba hiyo haipatikani popote, kwa sababu watu hawaachwi. Wote huingizwa, na karatasi husema 118. Uongo ule unaoficha hatari ndio huo huo unaoficha haja. Ofisi ya mbali ikitazama karatasi zile, itaona kivuko kinachotosha watu wake vizuri kabisa, tena na nafasi mbili zimebaki! Kwa nini ilete kingine? Basi mwenzangu wa Ukara na mimi, ingawa tulianza kwa kubishana, tulikuwa tukidai namba ileile.

Pana jambo jingine la kutazamwa. Mwaka 2018 wakala uliokuwa na kivuko na mamlaka iliyokikagua zilikuwa chini ya wizara moja ya ujenzi na uchukuzi. Mwaka 2023 wizara hiyo ikatenganishwa, ujenzi mbali na uchukuzi mbali. Naona ni jambo jema, kwa kuwa mwenye ng'ombe na mpima maziwa si vizuri wawe nyumba moja. Hata hivyo, kutenganisha wizara kule juu hakujamtenganisha karani. Yeye bado ni yule yule mmoja, akusanyaye fedha na ahesabuye watu, na kazi hizo mbili hugombana: kila mtu amwongezaye ni fedha, na kila mtu amwongezaye ni hatari. Nadhani ingefaa mlangoni wasimame wawili, mmoja wa mwenye kivuko kwa ajili ya nauli, na mwingine wa anayekagua, asiyeshika fedha kabisa, mwenye kihesabio cha kubonyeza mkononi, ambaye namba yake ikifika ile iliyo ubaoni afunge mnyororo. Na mtoto wa mgongoni ahesabiwe. Mwalimu wa Hisabati alinikosoa hapa: alisema gharama ya mtu wa pili kila mlango kila siku si ndogo, nami sikuipiga hesabu. Ni kweli sikuipiga.

Tumeandika barua, sisi wanafunzi kumi na wanne tunaotoka visiwani, na Mwalimu wa Uraia ameisahihisha mara tatu. Haikumtaja karani wala haikumlaumu mtu. Ina jedwali la safari moja: namba ya ubaoni, namba ya tiketi, namba yetu. Mkuu wa Shule alisema safari moja haitoshi kuwa ushahidi, maana mtu aweza kusema ilikuwa siku ya shule kufunguliwa, na siku hiyo watu huwa wengi. Twaona asema kweli. Kwa hiyo barua haijatumwa. Imo katika kabati la walimu. Likizo ijayo tutasafiri katika siku mbalimbali na kupitia njia tatu, na tumegawana kazi: katika kila kundi wawili watahesabu, kila mmoja peke yake bila kuonyeshana, mmoja ataandika saa na hali ya ziwa, na mmoja atahesabu wale walioachwa gatini, kama wapo. Tutakaporudi tutajaza jedwali, kisha barua ipelekwe, nakala moja kwa wenye kivuko, moja kwa wakaguzi, na moja kwa mbunge wetu.

Bado tunahitaji watu wawili wa kundi la Ukara, maana waliopo ni watatu tu, na mmoja wao hupata kichefuchefu ziwani. Mwanafunzi yeyote wa upande huo, hata wa kidato cha kwanza, aje anione bwenini baada ya chakula cha jioni. Daftari na kalamu tutampa.